Huruma Iliyochelewa: Tukisoma Tena Kitabu cha Solferino

Kuna vitabu ambavyo watu wote huvisifu na wachache tu huvisoma. Kimoja ni kitabu kidogo cha Henry Dunant, kiitwacho kwa Kifaransa Un souvenir de Solférino, yaani Ukumbusho wa Solferino. Kilipigwa chapa Geneva mwaka 1862. Ukimwuliza mwalimu au mwuguzi habari zake, atakujibu mara moja: ndicho kitabu kilichozaa Msalaba Mwekundu. Akiisha kusema hivyo, basi, maongezi yamekwisha. Hata mimi nilikuwa hivyo. Nilijua jina la kitabu na jina la mtungaji, nikadhani najua na yaliyomo.

Mwaka huu nimekisoma chote, toka ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Si kirefu; mtu aweza kukimaliza kwa siku mbili. Nilipokifunga niliona mambo mawili. La kwanza: kitabu hiki kina kasoro ambazo wanaokisifu hawazitaji. La pili: neno lake kubwa si lile tunalolisikia sikuzote. Sisi husema ni kitabu cha huruma. Mimi nasema ni kitabu kinachoonyesha jinsi huruma inavyoshindwa ikifika bila matayarisho. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, na msomaji atahukumu mwenyewe.

Mtu na safari yake

Dunant alizaliwa Geneva, katika nchi ya Uswisi, mwaka 1828. Alikuwa Mprotestanti mwenye bidii ya dini, na tena mfanya biashara. Alikuwa na shughuli ya vinu vya kusaga ngano katika Aljeria, iliyotawaliwa wakati ule na Wafaransa. Shughuli hiyo ilikwama, maana hakupata ruhusa ya ardhi na maji aliyoyahitaji. Ndipo alipoazimu kwenda kwa mkubwa wa wote, Kaisari Napoleon wa Tatu. Lakini mwaka 1859 Kaisari hakuwa Paris. Alikuwa vitani kaskazini ya Italia, akimsaidia mfalme wa Sardinia kuwafukuza Waaustria. Dunant akamfuata huko huko.

Kitabuni hatuambiwi habari hiyo. Mtungaji anajiita msafiri tu, mtu wa kutazama, asiyehusika na vita vile. Neno la vinu halimo. Simlaumu kwa kuwa na shughuli zake. Yule Msamaria wa Injili naye alikuwa na safari yake, na mnyama wake, na fedha zake. Hakutoka nyumbani ili kumtafuta mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Ila nasikitika kwamba Dunant amelificha jambo hili, kwa sababu lingemleta karibu nasi. Mtu mwenye barua za biashara mkobani, mwenye hofu ya kufilisika, anazisahau barua zake ili awanyweshe maji watu asiowajua: huyo ni ndugu yetu, twamfahamu. Msafiri asiye na shida yoyote hatumfahamu vema.

Vita vya majemadari

Tarehe 24 Juni 1859 majeshi yakakutana karibu na kijiji cha Solferino. Askari wa pande zote mbili walizidi 300,000. Walipigana toka alfajiri hata jioni, juu ya vilima na mashambani, katika mstari wa kilometa 20 hivi. Jua lilipokuchwa, watu kama 40,000 walikuwa wamekufa, au wamejeruhiwa, au hawajulikani walipo.

Sehemu ya kwanza ya kitabu inasimulia siku hiyo. Hapo majina ya majemadari yanafuatana kama watu katika maandamano: makamanda, watoto wa wafalme, makanali, na vikosi vyao na bendera zao. Farasi wanakimbia, panga zinameta, kila mkubwa ni shujaa, awe wa upande huu au wa upande ule. Mengi ya mambo hayo Dunant hakuyaona kwa macho yake. Aliyapata katika masimulizi ya wengine. Nayo yanasikika hivyo. Ni maneno yaliyokwisha kupita katika vinywa vingi.

Kwa nini aliandika namna hii? Nadhani jibu limo katika njia alivyokieneza kitabu. Chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,600, nazo hazikuuzwa. Aliwapelekea wafalme, mawaziri, majemadari na watu wenye sauti katika Ulaya. Basi aliandika akijua ni nani atakayesoma. Alifanya kama mtu aendaye kudai deni katika nyumba ya mkubwa: kwanza ausifu ua, kisha nyumba, kisha watoto, na mwisho aseme, Bwana, limenileta neno dogo. Ni akili, sikatai. Majemadari walisoma, kwa kuwa walijiona humo.

Lakini akili hiyo ina gharama yake. Katika sehemu ya kwanza askari anakufa na utukufu. Katika sehemu ya pili askari yule yule anakufa na nzi usoni. Msomaji angojea Dunant aziketishe sehemu hizo mbili pamoja na kuuliza: ni nani aliyewaleta watu hawa hapa, na kwa sababu gani? Swali hilo haliulizi. Vita vinapita katika kitabu kama mvua ya mawe, jambo ambalo halikutumwa na mtu. Uzeeni, akiwa maskini na amesahauliwa katika kijiji cha Heiden, Dunant aliandika maneno makali ya kuvipinga vita. Katika kitabu cha mwaka 1862 ukali huo haujazaliwa. Anayekisoma ili apate hukumu juu ya vita atatoka na njaa.

Kanisa kubwa la Castiglione

Sasa tufike katika sehemu ya pili, na hapa nafuta nusu ya malalamiko yangu.

Karibu na Solferino kuna mji mdogo uitwao Castiglione delle Stiviere. Msomaji Mkatoliki atakumbuka kwamba ndiko alikozaliwa Mtakatifu Aloisi Gonzaga mwaka 1568, yule aliyekufa Roma mwaka 1591, akiwa kijana, baada ya kuambukizwa tauni aliyoifuata kwa wagonjwa. Sikukuu yake ni tarehe 21 Juni. Siku tatu tu baada ya sikukuu hiyo, mji wake ulifurika watu waliokatwa na kupigwa risasi. Walikuja kwa miguu, kwa nyumbu, kwa magari ya wakulima. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni majeruhi 9,000. Walilazwa makanisani, katika nyumba za watawa, shuleni, viwanjani, barabarani juu ya majani makavu. Katika kanisa kubwa la mji, Chiesa Maggiore, walikuwamo kama 500.

Hapa Dunant aliona kwa macho yake, na kalamu yake inageuka. Majina marefu yanakwisha. Anataja ndoo za maji na watoto wanaozichukua. Anamtaja mwendesha gari wake, aliyetumwa mji wa Brescia kununua mashati, malimau, machungwa, sukari na tumbaku. Anamtaja koplo mmoja mwenye miaka 20, Claudius Mazuet, mtu wa Lyon, ambaye ni mtoto wa pekee na ana risasi ubavuni. Aomba aandikiwe barua kwa baba yake. Wanawake wa mji wanawahudumia wote, Mfaransa, Mwitalia na Mwaustria, bila kuchagua, wakisema kwamba wote ni ndugu. Anawataja na wasafiri waliopita wakabaki kusaidia, akiwamo Mbelgiji mmoja aliyefadhaika mno kwa yale aliyoyaona, hata wenziwe wakaogopa ataugua yeye.

Kurasa hizi ni nzuri kwa sababu mtungaji hajaribu kutuliza. Anahesabu tu. Anasema ni nani alikuwapo, alikuwa na jeraha gani, aliomba kitu gani, na kama alikipata. Wanafunzi wetu wanaojifunza kuandika, nao hupenda sana maneno ya kulia, wangefaidika kuzisoma kurasa hizi. Machozi ni ya msomaji. Kazi ya mwandishi ni kuonyesha.

Katikati ya watu hao kuna sajini mzee, mwenye alama za miaka mingi ya utumishi. Kwa uchungu anamwambia Dunant kwamba kama angetunzwa mapema angaliweza kupona, na sasa atakufa kabla ya usiku. Akafa jioni ile. Kwangu mimi, huyo sajini ndiye ufunguo wa kitabu chote.

Waliolia zaidi

Tazama, sajini hakukosa watu wema. Mji ulijaa wema. Wanawake walitoa mashuka yao, watoto walichota maji, mapadri walikesha. Alichokosa ni wakati, na mikono iliyofundishwa. Dunant mwenyewe analisema jambo hili mahali ambapo wasomaji wengi hupita upesi: wanawake wale wema walikimbilia waliokuwa wakilia kwa sauti kubwa zaidi, nao si sikuzote waliokuwa katika hatari kubwa zaidi.

Neno hili linastahili kukaliwa. Kila mwuguzi anajua kwamba anayepiga kelele bado ana pumzi. Aliyenyamaza pembeni, uso umebadilika rangi na jasho baridi linamtoka, huyo ndiye wa kumkimbilia. Lakini moyo peke yake haujui hayo. Moyo hufuata sikio. Inatakiwa elimu ili kumpita anayelia na kwenda kwa aliyenyamaza, na tena inatakiwa nguvu ya roho, kwa maana anayelia atakuona huna huruma.

Je, elimu hiyo haikuwapo katika mwaka 1859? Ilikuwapo. Hapa niwasahihishe wale wasemao kwamba kabla ya Dunant hapakuwa na mtu aliyewatunza majeruhi wa vita. Mwaka 1595 wana wa Mtakatifu Kamili wa Lellis, wenye msalaba mwekundu kifuani, waliyafuata majeshi katika Hungaria ili kuwahudumia askari walioumia. Tangu mwaka 1792 daktari Mfaransa Dominique Jean Larrey alitengeneza magari mepesi ya farasi, yaliyokwenda kuwachukua majeruhi huku vita vikiendelea. Zamani walingojea mpaka mapigano yaishe. Tena Larrey aliweka sheria: atibiwe kwanza mwenye jeraha la hatari, bila kutazama cheo chake wala taifa lake. Katika vita vya Krimea, mwaka 1854 na 1855, daktari Mrusi Nikolai Pirogov aliwagawa majeruhi wa Sevastopol kwa makundi: wa kukatwa mara moja, wa kungoja, wa kupelekwa mbali, na wale waliobaki kwa faraja na sala. Yote hayo yalikuwa yamekwisha kufanyika. Ila hayakuwapo Castiglione.

Kuna na elimu ambayo kweli haikuwapo bado. Mwingereza Joseph Lister alitangaza mwaka 1867 njia yake ya kuua vijidudu katika vidonda. Kabla ya hapo, waganga wengi walitoka kwa mgonjwa huyu wakaenda kwa yule bila kunawa vizuri, na kitambaa kilichofuta usaha wa mmoja kilimfuta na mwenzake. Basi yawezekana kwamba mikono myema ya Castiglione ilipeleka kifo pamoja na maji. Nasema hivyo bila kuwadharau. Nasema ili tuone jinsi upendo usio na maarifa unavyoweza kudhuru huku ukilia machozi ya kweli.

Ushahidi upo katika hospitali ya Scutari, upande wa Uturuki. Florence Nightingale alifika huko mwezi wa Novemba 1854 pamoja na wanawake 38. Walifua, walipika, walipanga vitanda, walikesha na taa. Hata hivyo katika majira yale ya baridi askari waliendelea kufa kwa wingi, na wengi waliuawa na magonjwa kuliko majeraha. Vifo vilipungua sana baada ya watu wa serikali kufika mwezi wa Machi 1855, wakazibua na kusafisha mifereji ya uchafu iliyokuwa chini ya jengo. Baadaye Nightingale alizikalia hesabu za vifo, akaukubali ukweli huo mchungu, na tangu hapo maisha yake yote alipigania usafi. Kwa jambo hili namheshimu kuliko kwa taa yake.

Swali la mwisho

Sehemu ya tatu ya kitabu ni fupi, nayo ndiyo iliyobadilisha dunia. Dunant anauliza: haingewezekana, wakati wa amani, kuunda vyama vya watu wa kujitolea, waliofundishwa tayari, ili vita vikija wawatunze majeruhi wa kila upande? Anaongeza: haingewezekana mataifa yapatane kwa mkataba, ili kazi hiyo iheshimiwe?

Ni maneno ya mtu aliyekwisha kuona kwamba wema wake mwenyewe haukutosha. Kwa ajili hiyo nayapenda. Anawataja waliotangulia, hata walio mbali na dhehebu lake: Mtakatifu Karoli Boromeo wa Milano, Sista Marthe wa Besançon, na wanawake wa Urusi waliotumwa Krimea na binti mfalme Elena Pavlovna. Kisha anasema kwamba mtu mmoja mmoja, hata akiwa mtakatifu, hawezi peke yake. Pawepo na mpango.

Mambo yalikwenda upesi. Tarehe 17 Februari 1863 watu watano walikutana Geneva: Dunant, mwanasheria Gustave Moynier, Jemadari Dufour, na waganga wawili, Louis Appia na Théodore Maunoir. Tarehe 22 Agosti 1864 nchi 12 zilitia sahihi Mkataba wa Geneva, wenye vifungu 10: majeruhi aokotwe na kutunzwa, awe wa taifa lo lote; hospitali na magari yao yasipigwe; na alama iwe msalaba mwekundu katika kitambaa cheupe, bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi.

Lakini palikuwa na mtu aliyelipinga wazo la vyama, naye alikuwa Nightingale mwenyewe. Yeye alisema kwamba kuwatunza askari ni wajibu wa serikali iliyowapeleka vitani; watu wa kujitolea wakiubeba mzigo huo, serikali zitapumua, na kwenda vitani kutakuwa rahisi zaidi. Wanaokisifu kitabu cha Dunant hawapendi kulitaja neno hili. Mimi naona ni pingamizi kubwa, na kitabu hakina jibu lake.

Nani alikuwa na haki? Nadhani kila mmoja alishika upande mmoja wa machela. Nightingale alijua kwamba mwenye deni asiposimamishwa mbele ya deni lake atalisahau. Dunant alijua kwamba majeruhi hawezi kungoja mpaka mwenye deni apate aibu. Msaada wa kujitolea ni mzuri ukimsaidia mwenye wajibu. Ni mbaya ukimpa ruhusa ya kulala. Sisi tulio katika misheni tunalijua jambo hili kwa mlango wa zahanati zetu. Mara ngapi wema wa masista umekuwa sababu ya wengine kutofanya kazi yao? Wala hatuwezi kufunga mlango.

Wasioonekana kitabuni

Nina lawama moja tena, nayo yatoka kwetu. Macho ya Dunant ni macho ya mtu wa Ulaya wa miaka ile, na majeruhi wake ni askari. Wakulima wa Lombardia, ambao mashamba yao yalikanyagwa, wanapita pembeni tu. Wengine wanatajwa kwa kuwavua maiti viatu. Mkataba wa mwaka 1864 nao uliwafikiri wanajeshi. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1949, baada ya vita viwili vya dunia, raia wapate mkataba wao wenyewe, yaani ule wa nne wa Geneva. Tunasema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Kitabu cha Solferino kinawatibu tembo. Nyasi kinaziona kidogo.

Na kuna watu ambao hawakuwa tembo wala nyasi. Katika vita vya 1914 hata 1918, Force Publique ya Kongo iliingia katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, ikauteka mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Nyuma ya askari walikwenda wapagazi, maelfu kwa maelfu. Majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani nayo yalikuwa na wapagazi wao. Walichukua risasi, chakula, vipande vya mizinga, na majeruhi juu ya machela. Wengi wao hawakuuawa na bunduki. Waliuawa na kuhara damu, kichomi, njaa na uchovu. Mpagazi alimbeba askari aliyeumia. Mpagazi alipoanguka, ni nani alimbeba? Tukiusoma Ukumbusho wa Solferino bila kuuliza swali hilo, tutakuwa tumesoma nusu.

Kwa upande mwingine, tuna jambo la kujivunia ambalo shule zetu hazilisemi. Katika vita vya pili vya dunia, hospitali ya vita ya Kongo, yenye Wakongo kama 350 na Wazungu kama 20, ilifanya kazi pamoja na majeshi ya Waingereza hata katika misitu ya Burma, upande wa mashariki ya India, mpaka mwaka 1945. Watoto wa nchi yetu walivuka bahari ili kufunga vidonda vya watu wasiowajua, kama walivyofanya wanawake wa Castiglione. Ila walikuwa na kitu ambacho wanawake wale hawakuwa nacho: walifundishwa na kupangwa kabla ya kuitwa. Swali la Dunant walilijibu kwa mikono yao. Mtoto wa shule anayelijua jina la Solferino, lakini hajapata kusikia habari za hospitali hii, amefundishwa kwa jicho moja.

Alama na mioyo

Mtu akisoma sehemu ya tatu atadhani kwamba mkataba ukiisha kutiwa sahihi na alama ikiisha kuchorwa, majeruhi na watunzaji wao wamepata ngao. Dunant aliamini sana nguvu ya neno lililoandikwa. Sisi tunajua kwamba si hivyo.

Tarehe 13 Desemba 1961, katika mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mapigano yalikuwa makali kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na wanajeshi wa Katanga. Mswisi mmoja, Georges Olivet, mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, alitoka pamoja na wasaidizi wawili wa Msalaba Mwekundu wa pale mjini, katika gari la wagonjwa lenye alama. Wote watatu waliuawa. Miili yao ilipatikana baada ya siku kadhaa. Ilikuwa imepita karibu miaka mia moja tangu kitabu kilipopigwa chapa.

Alama haizuii risasi. Inamwomba tu mwenye bunduki akumbuke kwamba yule aliye mbele yake ni mtu. Akikataa kukumbuka, kitambaa ni kitambaa. Basi matayarisho ambayo Dunant aliyataka kwa ajili ya waganga na wauguzi, yangetakiwa na kwa wenye silaha, toka utotoni, nyumbani na shuleni. Hilo hakuliandika. Wasomaji wa mashariki ya Kongo, ambao wamekwisha kusikia milio ya bunduki karibu na hospitali, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Tukisome namna gani?

Pamoja na kasoro zote, kitabu hiki kisomwe. Kiingie katika shule za uuguzi, na katika vyama vya vijana wa parokia. Ila nashauri kisisomwe kwa mpango wake. Msomaji aanze na sehemu ya pili, kanisani Castiglione, akae humo kwa muda, asikie harufu na kilio. Kisha asome sehemu ya tatu, azipime hoja zake, na kuweka pingamizi la Nightingale kando yake. Sehemu ya kwanza, ya majemadari, aiache mwisho. Naye ataisoma kwa macho mengine, akijua panga zile zinazometa zimefanya nini.

Kisha afunge kitabu na kufanya hesabu ya nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika parokia yako, ni vijana wangapi wanaojua kuzuia damu inayoruka toka mshipa? Ni wangapi wanaojua kumchukua mtu aliyevunjika mguu bila kumwongezea jeraha? Kuna machela? Kuna vitambaa safi vilivyowekwa mahali, na mtu mwenye ufunguo, na kila mtu anajua ni nani? Haya si maswali ya vita tu. Lori likipinduka barabarani siku ya soko, ni Castiglione tayari: watu wengi, wema mwingi, na wote watamkimbilia yule anayelia zaidi.

Dunant alipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1901, pamoja na Mfaransa Frédéric Passy, akafa Heiden tarehe 30 Oktoba 1910. Sifa zake hazihitaji kalamu yangu. Lakini yule sajini mzee, ambaye hakutunzwa mapema, bado anadai. Tukikisoma kitabu, tukaguswa, tukakirudisha kabatini, tumemjibu kama alivyojibiwa siku ile: kwa huruma ya kweli, iliyofika jioni.